Mchanga wa Zamani Hauhamishwi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, na mtu anayewarudishia watu ubaridi wao ungemwitaje? Alikuwa mfupi, mpole, vidole vimejaa makovu ya bati, na mkoba wake wa vifaa ulikuwa umechakaa mpaka zipu ikafungwa kwa waya. Ukimwita leo alikuja leo, jambo ambalo kwa mafundi ninaowajua mimi ni karibu na muujiza. Hilo peke yake lingetosha kumpa heshima yake. Lakini watu walipomtaja hawakuanza na friji. Walianza na bahari aliyoiweka sebuleni kwake.

Ndiyo, bahari. Usifikirie yale matangi unayoyakuta kwa daktari wa meno, yenye kijumba cha plastiki na samaki watatu waliochoka kuishi. Hili lilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na mawe ya matumbawe yaliyo hai, na mnyama anayefanana na ua, mwenye vidole vingi laini vinavyowasha. Mlikuwa na kamba mmoja mwembamba ambaye ungeweza kuona chakula kikipita tumboni mwake. Na mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa, kila mmoja na mistari mitatu myeupe, waliolala ndani ya vidole vya yule mnyama kana kwamba ni godoro walilonunuliwa na mama yao. Miaka kumi na saba walikaa humo. Kuna ndoa ngapi unazozijua zilizofika huko?

Mkubwa wao aliitwa Mjomba. Jina hilo alilitoa mtoto.

Fundi Baridi na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Siku samaki walipoletwa alikuwa na miaka minane, na meno mawili ya mbele yameanguka. Mwenye duka la samaki wa mapambo alikuwa ametengenezewa jokofu lake siku ya joto kali, akashukuru kwa kumpa fundi hao wawili pamoja na tangi kuukuu lenye ufa wa kuziba. Mtoto akaweka pua kwenye kioo. Akamwona yule mkubwa akimsukuma mwenzake kila chakula kilipodondoka, akapiga kelele, "Huyu ni Mjomba!" Na mjomba mwenyewe, kaka yake mama, dereva wa lori dogo, alikuwa ameketi kwenye kochi pale pale, amevaa shati la kazini la rangi ya chungwa, sahani ya tatu mkononi. Yule samaki mdogo akaitwa Dogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiri zaidi kwa vicheko.

Mwaka haukuisha, Mjomba akataga mayai.

Ndivyo walivyo samaki hawa. Wote huzaliwa madume, kisha aliye mkubwa kuliko wote hugeuka jike, na hamwulizi mtu. Fundi Baridi alijaribu kulieleza jambo hilo kistaarabu, lakini mtoto alikuwa amekwisha kukimbilia barabarani akitangaza, "Mjomba ametaga! Mjomba ametaga!" Mjomba wa kweli alisusa chakula cha nyumba ile wiki nzima. Alisema ametukanwa mbele ya watu wazima, na kwamba malezi ya siku hizi yameharibika. Wiki ya pili alirudi, akala, akamtazama samaki kwa jicho la pembeni. "Hongera, dada," akamwambia, na mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Mchanga wa tangi pia aliubeba mtoto yule. Jumapili walizokwenda ufukweni kuteka maji, alichukua kopo la maziwa ya unga, akalijaza mchanga mweupe, akalibeba kifuani mpaka kwenye gari la mjomba wake, akarudi kujaza jingine. Alikataa kusaidiwa. Makopo ishirini na mawili, aliyahesabu mwenyewe. Aliyamwaga kwenye tangi moja baada ya jingine na kuyasawazisha kwa kiganja, ulimi nje, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni wa heshima.

Alifariki kabla hajafika miaka kumi. Homa ya siku nne. Sitaieleza, maana aliyepitia anajua na ambaye hajapitia Mungu amwepushie.

Kuna kitu kimoja tu nitakisema. Mwanamke akizaa kwetu huitwa kwa jina la mtoto wake, na mwanamume hali kadhalika. Wanakuwa mama fulani na baba fulani mpaka majina yao wenyewe yanaota kutu. Sasa yule mtoto akaondoka na majina ya watu watatu. Majirani waliona vibaya kumwita mama yule kwa jina la marehemu, wakaanza kumwita dada, au shemeji, au wakamsalimia bila kumwita chochote. Mumewe akawa Fundi, hata kinywani mwa mkewe. Jina la mtoto halikutamkwa tena ndani ya nyumba ile. Jina pekee lililobaki pale, lililotoka katika kinywa chake na bado likiitwa kila siku, lilikuwa la samaki.

"Mjomba amekula?" Fundi Baridi alikuwa akiuliza kila jioni akivua viatu.

"Amekula. Dogo kanyimwa, nikamrushia yake pembeni."

Basi wakakaa kwenye viti viwili mbele ya kioo, bega kwa bega, taa ya tangi ikiwapaka rangi ya buluu. Siku nyingine Mjomba alifagia mchanga kwa mkia, siku nyingine yule mnyama-ua alifumba vidole vyake na kuwafungia samaki nje, wakabaki wakizungukazunguka kama watu waliosahau ufunguo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Ndoa yao ilisimama juu ya sentensi kumi kwa siku, zote za samaki, na nasema ilisimama kweli, maana nimeona zenye maneno elfu zikianguka.

Kwa jinsi hiyo Fundi Baridi alijifunza kuwatunza mpaka akawa mwalimu wa wengine. Duka la samaki lilipofungwa, kila aliyekuwa na tangi la maji ya chumvi mjini alimfuata yeye. Walikuwa wachache: muuguzi mmoja, kinyozi mmoja, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiandika kila neno daftarini. Waliketi sebuleni, mke wa fundi akawaletea chai, na fundi, aliyekuwa bubu siku nzima, akafunguka kama bomba.

"Maji yakipungua, ongeza maji matupu," alisema. "Yanayopaa ni maji. Chumvi haipai, inabaki humo humo. Ukizidisha chumvi juu ya chumvi utawakausha viumbe wa watu ndani ya maji. Dawa ya mbu usipulize chumba hicho hata mbu wakikubeba. Na mchanga..." Hapo daima aliinua kidole chenye kovu. "Mchanga wa zamani hauhamishwi. Ukihama nyumba, utupe. Juu ni mweupe, unakuchekea. Chini ni mweusi, una sumu ya miaka yote imelala. Ukiuacha ulale, hauna neno. Ukiuchokoza, utaua kila kitu kabla hujamaliza kufungua maboksi."

"Wote, Fundi?" mwalimu wa hesabu aliuliza. "Hata kidogo usibaki nacho?"

"Wote. Huruma ya mchanga ni msiba wa samaki."

Mwalimu aliandika, akapigia mstari. Mke wa fundi aliokota vikombe.

Mwenye nyumba yao alikuwa mzee mstaarabu ambaye kosa lake moja lilikuwa kufa. Arobaini haijapita, wanawe walikuja na mtu mwenye kofia ngumu, wakapima ukuta kwa macho, wakasema wanataka kubomoa wajenge maduka. Walitoa mwezi mmoja. Fundi Baridi alipata vyumba viwili upande wa pili wa mji, mbali na bahari, juu ya gereji. Vilikuwa na dirisha, mlango na umeme, na mtu wa umri wake hachagui sana.

Lakini usiku na mchana hofu yake ilikuwa moja: Mjomba na Dogo watafika hai? Wazee hao wawili. Hakuwahi kumwambia mkewe neno hofu, ila mke alikuwa na macho. Alimwona akinunua mchanga mpya na kuuosha maji kumi mpaka maji yakatoka meupe. Alimwona akijaribu pampu ndogo ya betri mara tatu kwa siku. Alimwona akileta kutoka ufukweni madumu matatu ya maji safi ya bahari na kuyaandika kwa chaki AKIBA.

"Ya nini hayo?" mke aliuliza.

"Likitokea la kutokea, nawahamishia humo. Akiba haiozi."

"Litatokea?"

"Halitatokea. Ndiyo maana nimeweka."

Siku ya kuhama ilifika, na shemeji yake, yule mjomba wa kweli, naye akafika na lori lake dogo, akipiga honi kabla hajazima injini. Kila safari ya kubeba kiti alipita mbele ya ndoo ya samaki na kuinama. "Jitahidi, mwanamke," alimwambia Mjomba. "Usiniaibishe njiani." Lori lilitakiwa kazini saa sita mchana, na alilikumbusha jambo hilo kila baada ya dakika tano.

Fundi Baridi alifanya kila kitu kama kilivyoandikwa daftarini mwa mwalimu. Samaki kwenye ndoo, pampu ya betri inabubujisha. Mawe kwenye beseni. Maji ya tangi kwenye mapipa mawili yenye mifuniko. Kisha akapiga magoti na koleo dogo, akaanza kuchota mchanga na kuutia kwenye viroba vya takataka. Ulipogeuka, harufu ilipanda, harufu ya yai viza, na tumbo la mchanga likaonekana, jeusi tititi.

"Huo unaupeleka wapi?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo.

"Jalalani," akasema bila kugeuka.

Akasikia beseni likiwekwa chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mchanga wa mwanangu?"

Miaka kumi na sita hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Akageuka. Mkewe alikuwa anatazama kiroba, si yeye, na mkono wake ulikuwa umeshika kifua pale pale palipokuwa pakibebewa kopo. Fundi Baridi alifungua mdomo. Maneno yote aliyowapa wageni kwa miaka yote hiyo yalikuwa pale, yamepangwa, ya kutamka tu. Kwa kinyozi aliyatamka. Kwa muuguzi aliyatamka. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea.

"Nitauosha," akasema. "Nikiuosha utakuwa sawa."

Bomba lilikuwa limekatwa tangu juzi. Maji yaliyokuwepo, nje ya yale ya tangi, yalikuwa madumu matatu yaliyoandikwa kwa chaki. Aliyatazama kwa muda. Akafungua la kwanza.

Aliosha uani, amechuchumaa, mikono mpaka kwenye viwiko, na mkewe amechuchumaa mbele yake akikoroga. Maji ya dumu la kwanza yalitoka kama wino. Ya la pili kama chai ya maziwa. Ya la tatu yalikuwa ya kijivu, na robo ya mchanga ilikuwa bado kiroboni haijaguswa. Honi ikalia nje.

"Shemeji! Hili lori lina mwenyewe!"

Fundi Baridi alichukua mchanga kiganjani, akaunusa. Ulinuka kidogo. Akajiambia ni vidole vyake vinavyonuka. Akaumwaga ule wa mwisho ndani ya ndoo nyingine pamoja na uliooshwa, akafunika, akabeba. Ule mpya, uliooshwa maji kumi, ulibaki uani umeegemea ukuta unaokwenda kubomolewa.

Jioni ile tangi lilikuwa limesimama juu ya gereji, limejaa, taa imewashwa, mchanga wa mtoto umesawazishwa. Mkewe ndiye aliyeusawazisha kwa kiganja. Mjomba alitoka kwenye ndoo kwa hasira, akazunguka tangi lote akikagua kama mwenye nyumba, kisha akamsukuma Dogo, na mume na mke wakacheka kwa sauti. Waliweka viti viwili kati ya maboksi. Chini mafundi magari walikuwa wanafunga milango.

"Alijaza mpaka linafurika," mke alisema ghafla. "Lile kopo. Nikamwambia punguza, utamwaga kwenye gari la mjomba wako. Akaniambia, mama, samaki hawapendi kopo nusu."

"Mimi alinikataza kushika."

"Alikukataza wewe? Mimi alinichapa mkono!"

Akacheka. Alicheka kicheko cha zamani ambacho mumewe alikuwa amesahau sauti yake, kichwa nyuma, kiganja juu ya paja. Akaendelea. Alisema habari za kwikwi, na za siku mjomba alipoususa wali wake, na za viatu vya shule vilivyokuwa vikivaliwa kulia kushoto. Miaka kumi na sita ilimwagika pale kati ya maboksi, na jina likatamkwa, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti ya kawaida, kama jina la mtu aliyeko chumba cha pili.

Na hapo ndipo Fundi Baridi alipoinuka kurekebisha taa, akasogeza uso juu ya maji, akanusa.

Yai viza. Kidogo sana, lakini lilikuwepo.

Alijua la kufanya. Angezima taa, angewarudisha samaki kwenye ndoo saa ile ile, angeutoa mchanga wote, angempigia shemeji simu wakafuate maji. Ndivyo angemwambia mwalimu wa hesabu, na angemfokea akichelewa. Lakini mkewe alikuwa katikati ya kisa, machozi ya kicheko yanamtiririka, akamvuta mkono. "Kaa basi, sijamaliza!"

Akakaa. Nataka uelewe kwamba hakusahau wala hakukosea kunusa. Alichagua. Alijiambia pampu itapambana nayo mpaka asubuhi, akamsikiliza mkewe mpaka kisa kikaisha, na ilikuwa jioni nzuri kuliko zote walizowahi kupata tangu msiba, nami siwezi hata kumlaumu vizuri.

Kulipopambazuka maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kamba alikuwa amelala ubavu, amegeuka rangi ya waridi kama aliyepikwa. Mnyama-ua alikuwa ameyeyuka na kuning'inia jiweni. Dogo alikuwa amebanwa kwenye mdomo wa pampu, macho meupe. Mjomba alikuwa juu kabisa, mdomo nje ya maji, anameza hewa.

Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe pembeni, pale palipotakiwa kuwa na akiba. Madumu yalikuwepo. Aliliinua moja, likaja jepesi mpaka karibu aanguke nyuma.

"Fundi?" mkewe aliita kutoka kitandani. "Wamelala vizuri?"

Shemeji alipopigiwa simu alikuja ndani ya nusu saa, shati limefungwa vifungo upande, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakufanya utani. Waliendesha lori mpaka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, na ilibidi waifuate kwa miguu kwenye tope, dumu mkono huu na dumu mkono huu, tope likiwavuta viatu. Fundi Baridi alipoteza kimoja na hakurudi kukitafuta. Waliporudi barabara ilikuwa imeshona magari. Alikaa kwenye lori na maji ya bahari yakimcheza mapajani, akihesabu pumzi za samaki aliyekuwa upande wa pili wa mji.

Walipofika ilikuwa saa tatu na nusu. Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, pampu ya betri inabubujisha, mkono wake mzima ndani ya maji akiyapepea taratibu. Mikono ya nguo yake ilikuwa imelowa mpaka mabegani. Mjomba alikuwa amelala ubavu juu ya kiganja chake.

"Yu hai," alisema. "Nimemwambia angoje."

Wakammiminia maji mapya, kidogo kidogo, kama kanuni inavyosema. Mjomba akasimama. Akapiga mkia mara mbili, akausukuma mkono wa mama kwa kichwa, ule ule ukorofi wake wa kugombania chakula.

"Kaka! Ona, amenisukuma!"

Shemeji alikuwa tayari anacheka. Mjomba akazunguka nusu ya beseni, akafika kwenye ukingo, akageuka tumbo juu. Walingoja sana. Hatimaye shemeji alikaa chini sakafuni, mtu mzima, tope mpaka magotini, akajifunika uso kwa kofia yake. "Hakuna wa kuniita tena," alisema ndani ya kofia. "Lile jina langu alilolitoa yeye, nani ataniita tena?"

Alipoondoka, wale wawili walibaki kila mmoja upande wake wa beseni. Chini mtu alikuwa akipiga chuma kwa nyundo.

"Ni mchanga?" mke aliuliza.

Fundi Baridi alikuwa ameandaa uongo tangu kwenye lori. "Ni uzee," akasema. "Na safari. Wasingevuka."

"Usinidanganye. Nani alikuwa akiwaletea wageni wako chai? Ulisema mara ngapi, mchanga wa zamani hauhamishwi? Mimi niko pale na sinia, nasikia kila neno."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uka..."

"Nilidhani utanikatalia!" Alisema kwa sauti iliyosimamisha nyundo kule chini, au labda nyundo ilisimama yenyewe. "Wewe ndiye unayejua. Mimi nililia tu. Mtu analia, aliye na akili anamwambia hapana. Mbona hukuniambia hapana?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba aliposikia neno mwanangu hakuwa na nguvu ya kulipiga kofi, na kwamba usiku angeweza bado kuwaokoa lakini alitaka kusikia kisa cha viatu mpaka mwisho. Hilo la pili hakulisema siku ile, wala hajalisema mpaka leo. Akainama akaanza kukausha sakafu.

Siku ya tatu mkewe alifunga nguo chache. "Nakwenda kwa kaka," alisema. "Siku mbili tatu." Hakukuwa na ugomvi, afadhali ungekuwepo. Alisimama kidogo mbele ya tangi, akaweka kitu kwenye kiti chake, akatoka. Lilikuwa lile kopo la maziwa ya unga. Miaka yote ile lilikuwa wapi, fundi hakuwahi kujua.

Siku mbili tatu zikawa wiki, wiki zikawa mwezi. Shemeji alikuja kuchukua nguo zilizobaki, akasema dada anakula, analala, haongei. "Mpe muda, shemeji," akaongeza, akiangalia viatu vyake. Maji yakimwagika hayazoleki, walijua wote wawili, na hakuna aliyelisema.

Fundi Baridi aliendelea kutengeneza mafriji ya watu. Jioni aliuosha ule mchanga. Bomba la nyumba mpya lilikuwa na maji tele, na aliuosha kopo kwa kopo, maji ishirini, maji thelathini, mpaka weusi wote ukatoka na harufu yote ikaisha, na ukawa mweupe kuliko siku ulipotoka ufukweni. Aliyahesabu. Makopo ishirini na moja na kidogo. Akaurudisha tangini, akauwekea maji safi ya bahari, akawasha pampu na taa. Kila asubuhi aliongeza maji matupu kufidia yaliyopaa. Alijaribu siku moja kuizima pampu, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba aliiwasha tena kabla hajavua viatu.

Jioni moja simu ililia. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Fundi wangu! Shikamoo. Nimehamishwa shule, nahama na tangi. Nimefungua daftari langu, kila kitu kipo, ila nina swali la mchanga."

"Utupe," alisema Fundi Baridi.

"Ndiyo, nimeandika hapa. Lakini watoto wangu waliuokota wenyewe, wananililia hapa, wanasema..."

"Waache walie."

"Hata nikiuosha sana?"

"Mwalimu, nisikilize. Waache walie. Utupe wote, leo, mbele yao. Wakikununia, wanune. Utakapofika huko, watakuwa na samaki."

Kalamu ya mwalimu ikasikika ikikwaruza karatasi. "Nimeshukuru," alisema. "Ningefanya upumbavu. Haya, nyumbani hawajambo? Shemeji yetu wa chai hajambo?"

"Hajambo."

"Na Mjomba je? Yule bibi kizee hajambo?"

Fundi Baridi alitazama tangi. Mchanga ulikuwa mweupe, umesawazishwa, na hakuna kilichoupita juu isipokuwa mapovu ya pampu. Kwenye kiti cha pili kopo lilikuwa limekaa wima.

"Hajambo," alisema. "Amekula sasa hivi."